Aliyejua Matumbo ya Magari

Ukitangaza hapa Uvira kwamba unataka kununua gari dogo, jirani hatakuuliza bei wala rangi. Atakuuliza, "Mupimaji alishaiona?" Kama hajaliona, basi huna gari bado, una bati lililopakwa rangi. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Mimi nimebeba abiria kwa gari dogo tangu nilipoacha ualimu, na siwezi kueleza kazi yangu bila kumtaja mzee huyu. Jina analo, ila hapa sitalitaja. Mtaani kwetu Songo anaitwa Mpimaji, na hata mkewe akikasirika humwita hivyo.

Huyo mkewe ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kwa miaka minane aliomba jambo moja tu: apelekwe Kiringye, kule bondeni, akamwone dada yake. Si mbali. Magari yanatoka kila asubuhi. Na mumewe alilijua kila gari dogo la mji huu, lililo zima na lililooza, lakini katika yote hayo hakupata hata moja la kumpandisha. Nimeishi nao ukuta kwa ukuta muda wote huo, na nikikumbuka nachoka upya.

Kazi yake aliifanya asubuhi, kabla muuzaji hajawasha injini. Aliweka kiganja juu ya kapo, ndivyo tunavyokiita kifuniko cha injini, akatulia kama mama anayempima mtoto homa. Akikuta joto, aligeuka kwenda zake.

"Ulimupashia moto ju asikohoe mbele yangu," alimwambia muuzaji. "Nitarudia kesho. Umuache alale baridi."

Hakuna aliyebisha. Kama lilikuwa baridi, alitandika karatoni, kipande cha boksi lililokunjuliwa, chini ya gari, akaomba chai, akainywa taratibu. Muuzaji alisimama pale akijikuna. Chai ilipoisha aliivuta karatoni na kuyasoma madoa: haya ya injini, haya ya gia, haya ya breki. Kisha alikunja kidole akagonga mabati kuanzia mlango wa dereva, akazunguka gari lote hadi aliporudi pale pale, akisikiliza mahali palipojazwa mastiki na kupakwa rangi juu yake. Mimi nilijaribu kujifunza kugonga vile. Kwangu magari yote yalilia sauti moja.

Jambo la mwisho lilikuwa lake peke yake. Alifungua zulia la sakafuni, akapiga magoti, akanusa. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunajua kwa nini. Ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, magari mengi yalisimama majini siku nyingi. Maji yaliposhuka yakaoshwa, yakapulizwa manukato, yakauzwa, na ukweli ni kwamba gari lililozama hung'aa kuliko lisilozama. Mpimaji aliingiza vidole chini ya kiti cha nyuma akitafuta ule mchanga laini, na akiupata alimwonyesha mnunuzi kwenye ncha ya kidole.

"Hii iliogelea," alisema, na habari ilikwisha.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alipenda kusema. Kwa magari ya okazo, yaani yale yaliyokwisha kupita mikononi mwa wengine, sijaona methali hiyo ikikosea.

Kwa asiyeyajua, magari yetu madogo ni ukoo mmoja wenye vizazi vitatu. Cha kwanza tunakiita Sanduku, kwa kuwa kina pembe nne na hakijali kuonekana kibaya. Cha pili ni Yai. Cha tatu ni Chozi, kwa sababu ya taa zake ndefu zinazoteremka mashavuni. Mpimaji alikuwa na neno juu ya kila kimoja, na ukimgusa hapo jiandae kukaa.

Sanduku alilisifu mno. "Ule ni mukulima," alisema. "Unamupiga na kazi, analala, asubuhi anaamuka." Dioo lake, yaani kioo cha mlango, unalishusha kwa mkono, mlango wake ukifungwa unasikika hadi kwa jirani, na fundi yeyote mwenye spana mbili anaweza kulirudisha barabarani. Lakini lete Sanduku lenyewe mbele yake uone! Alilikataa kabla chai haijapoa. Limezeeka, sakafu imeliwa na kutu, viti vimelegea. Nilimwambia siku moja kwamba analipenda Sanduku kama watu wanavyowapenda marehemu. Hakucheka. Alisema marehemu hawaui abiria.

Yai alilipa heshima ya wastani. Linatumia mafuta kidogo, linageuka mahali padogo, vipuri vyake vinapatikana hapa mjini na hata Bujumbura. "Mutoto wa mujini, lakini anasikia wazazi," alisema. Chozi hakulipenda. Lina akili nyingi, nyaya kila mahali, na unyevu wa ziwa ukigusa waya mmoja gari zima linanuna. Mashine ya kulisoma ugonjwa wanayo watu wachache, na hao wachache hawakubaliani. Hata hivyo alikiri, tena kwa kunung'unika, kwamba breki za Chozi ni bora kuliko za ndugu zake wote, na mtu mwenye mgongo mbovu atamshukuru Mungu akilikalia.

Na gari jipya? Nililiona mara moja tu, jipya kweli, viti vikiwa bado na nailoni zake. Lilikuwa la kijana mmoja wa mtaa wa pili, aliyepata kazi nzuri. Alilileta kwa Mpimaji ili lisifiwe, si ili lipimwe. Mzee alilizunguka asubuhi nzima.

"Hii haijasema kitu," akatamka mwishowe.

"Papa, lakini iko mupya kabisa!"

"Ndiyo ile inaniogopesha. Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Enda ulime naye ku barabara ya Fizi, kisha mutarudia."

Kijana aliondoka amevimba. Baada ya masika mawili alirudi, mwenyewe, kimya, na gari likigonga chini kama mtwangio. Mpimaji alilaza mgongo chini yake, akakaa huko muda mrefu, akatoka na uso mwema. "Sasa tunaweza kuongea," alisema. Nadhani ndivyo alivyowaona na watu. Aliyekuwa hajavunjika popote hakumwamini.

Lakini neno la mwisho halikuwa lake, na hili wengi wamelisahau. Zamani, kila gari lililopita kiganja, karatoni na pua, lilikabidhiwa Mama, ndivyo tunavyomwita mkewe. Alitoka ndani na kitenge chake cha Jumapili, hata kama ni Jumanne, akaketi kiti cha nyuma, na muuzaji akawaendesha kutoka Songo hadi Kavimvira na kurudi. Mama hakujua jina la kipuri hata kimoja. Alijua jinsi gari linavyomkalisha mtu.

"Huku kuume kuko mutu anapiga hodi," alisema, na mumewe akienda kutazama upande wa kulia alikuta shokamzoba imekufa.

Alizipenda safari zile. Alipungia watu mkono. Mwanamke ambaye nyumbani kwake hapakuwa hata na baiskeli alikuwa amepanda karibu magari yote madogo ya Uvira, na sokoni wanawake walimtania kwamba yeye ni mke wa waziri. Mumewe naye walimsema: kinyozi hajinyoi, mpima magari anatembea kwa miguu. Ni kweli. Kandambili zake alizifunga kwa waya, na alitembea kando ya barabara akiyasikiliza magari yanayompita, akitikisa kichwa.

Miaka minane iliyopita alikosea. Nalieleza hili bila furaha, kwa kuwa nilikuwepo.

Mfugaji mmoja aliteremka kutoka Mulenge na Yai la kijani. Alikuwa mtu wa kanisani, mpole, asiyejua kusema uongo, na viti vya gari lake vilinuka maziwa. Kapo lilikuwa baridi. Karatoni ilitoka safi. Mabati yalilia vizuri. Mfugaji akauliza kama afungue zulia, na Mpimaji akapunga mkono. "Ku mulima hakuna ziwa," alisema, akacheka, nasi tukacheka naye. Ni kosa ambalo mtu wa hapa tu angelifanya. Sisi wa chini tumezoea kuamini kwamba kinachotoka mlimani ni safi: maziwa, maharage, hewa, na watu pia. Akamwita Mama apande.

Kutoka Songo barabara inateremka hadi barabara kubwa. Kabla ya kufika chini, breki zilizama hadi sakafuni na gari halikusimama. Mfugaji alifanya alichoweza, akaligeuza likaingia mtaroni. Mfugaji na Mpimaji, waliokaa mbele, walitoka na michubuko. Mama alirushwa kutoka kiti cha nyuma akavunjika nyonga.

Baadaye tulifungua zulia. Mchanga ulikuwepo, mkavu, umejaa kila pembe. Yai lile lilikuwa limezama hapa hapa Uvira, likaoshwa, likauzwa mlimani wakati wa kiangazi kwa mtu anayejua ng'ombe tu, naye akalirudisha kwetu kwa moyo safi. Kutu ilikuwa imekula mirija ya breki polepole. Pale mbele yetu hapakuwa na mwizi wa kumlaani. Mfugaji alilia kuliko wote. Mpimaji hakulia. Aliketi mtaroni na ule mchanga kiganjani hadi nilipomwinua.

Nyonga iliunga vibaya. Mama hakuweza tena kupanda lori, wala kukaa kwenye pikipiki. Kilichobaki kwake ni gari dogo, mlango ukiwa chini, mtu akimshika. Na dada yake pekee aliyebaki alikuwa Kiringye, analima mihogo, naye hana nguvu za kusafiri.

Mpimaji aliendelea kuwapimia watu, bila Mama. Alikuwa makini mara mbili, na hakukosea tena, najua hilo. Lakini kila Mama alipomwambia, "Papa, unitafutie hata ile ya jirani," alijibu kwa sauti ya upole, na jibu lilikuwa hapana. Lile la muuza samaki? Usukani unacheza. La mhubiri? Matairi ya nyuma ni ya kuchongwa. Lile jeupe la kituoni? "Minye nililala chini yake, Mama. Weye haukuona kile nilikiona." Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe. Alikuwa ameyatazama matumbo ya magari yote ya mji, na mtu aliyeyatazama matumbo yote hawezi tena kumkalisha mkewe ndani ya lolote. Masika, kiangazi, masika. Mara nyingine barabara ya bondeni ilifungwa na vurugu, na siku hizo, Mungu anisamehe, nilimwona usoni kama mtu aliyepumzishwa.

Sikuwa na haki ya kumsema. Mimi mwenyewe nilimkaidi. Alikuwa amenikatalia magari manne mfululizo, nami nina watoto wanaokula kila siku, nikachoka kungoja. Nikaleta Chozi la kijivu. Alilipima mpaka chai mbili zikaisha.

"Mwalimu, hii usinunue."

"Papa, sasa nitafanya namna gani?"

"Usinunue tu. Giya yake iko na hasira."

Nilinunua. Masika ya kwanza gia zikakataa kuingia. Tangu hapo nimebadilisha kila kinachobadilishwa, na ninapoandika haya dirisha moja nimelishikilia kwa kipande cha ubao. Alikuwa sahihi kabisa. Hakuniambia hata siku moja kwamba alinionya. Nikipita mbele ya kibaraza chake alikohoa tu, na kikohozi kile kilinichoma kuliko tusi.

Kiangazi kilichopita alikuja mtu kutoka Kiringye na habari kwamba dada yake Mama anapoteza macho. Anaona mwanga wa mlangoni tu, basi. Nilisikia kupitia ukuta Mama akiuliza tena, na Mpimaji akitaja tena matairi ya fulani na usukani wa fulani. 

Kesho yake asubuhi nilitoka kupanguza Chozi langu na kumkuta Mama ameketi ndani, kiti cha nyuma. Alikuwa na kitenge cha Jumapili, fimbo mapajani, na kikapu cha ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, kando yake. Sijui alijipandishaje. Uso ulikuwa umelowa jasho la maumivu.

"Mwalimu, twende," alisema. "Minye siko nashuka."

Mpimaji alitoka mbio, kifua wazi. Aliniangalia mimi kwanza, kama niliyemwibia mke. Kisha akaangalia gari, na nikaona hofu ya kweli, ile inayomfanya mzee afanane na mtoto.

"Mama, ushuke. Si hii. Hii iko ya mwisho kabisa!"

"Basi uipime."

Akalala chini yake. Tulimsikia akigonga, akivuta, akinusa. Alikaa huko hadi majirani wakakusanyika. Akatoka na vumbi mgongoni, akaanza kuhesabu: kiungo cha mbele kushoto, mpira wa gia, moshi unaovuja, kitasa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akamwuliza. "Dada yangu anapofuka, weye unanihesabia vyuma. Miaka minane nimekungoja upate gari haina kosa. Nilichoka, Papa. Nilichoka na weye. Panda ao ubaki."

 Mpimaji alivaa shati, akapanda mbele karibu nami, mikono yote miwili kwenye dashibodi.

Niliendesha kama niliyebeba mayai. Kila shimo alilitaja kabla sijalifikia. Tulipita Kavimvira, mashamba ya miwa, Sange, na kwenye kila kizuizi walipotusimamisha alishuka kuangalia magurudumu. Kiungo cha kushoto kililia njia nzima, na kila kilipolia alifumba macho. Nyuma, Mama alikuwa akiangalia dirishani. Alipungia mkono watu asiowajua. Zamani ningesema anafurahi, lakini alikuwa anapanguza machozi kwa mkono ule ule.

Dada yake alikuwa mlangoni mwa nyumba yake, juu ya kigoda, akichambua maharage kwa vidole. Aliinua uso kwenye sauti ya injini. Tulimteremsha Mama, mimi huku, mumewe kule, na tukamfikisha hatua kwa hatua.

"Ni nani?" dada akauliza.

"Ni minye."

Maharage yakamwagika. Yule mwanamke alinyoosha mikono, akaupata uso wa mdogo wake, akaushika, akaupitia wote, paji, pua, midomo. 

"Minye nilizani ulinisahau," akasema. "Kila kiangazi nilisema, hii atakuja. Macho yangu ilikungojea mpaka ikachoka. Mbona haukuja?"

 Mama hakugeuka kumtazama mumewe.

"Gari haikupatikana, Dada," alisema.

Mpimaji alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yao, fimbo ya Mama mkononi. Nilidhani ataliacha jibu lile lipite. Lingempa heshima yake, na hapo Kiringye hakuna ambaye angejua.

"Shemeji, usimusikie," akasema. "Gari ilikuwako. Ilikuwa mingi, kila siku. Hata ile tulikuja nayo ni mubaya, na imetufikisha. Ni minye niliogopa. Alikuwa analia ndani ya nyumba, na minye nilikuwa naogopa."

Yule dada aligeuza uso kuelekea sauti. Nilitazama chini. Nilimwogopea mzee wa watu, kwa sababu dada alikuwa na haki ya kumfukuza.

"Sogea karibu," akasema. "Na weye sikukuona tangu siku zile."

Akasogea. Alipiga magoti kwa shida, akavua kofia, na mikono ile ikampitia usoni kama ilivyompitia mkewe, ikakawia kwenye mikunjo ya macho na kwenye ndevu nyeupe.

"Umezeeka," dada akasema.

"Ndiyo," akajibu, na sasa alikuwa analia wazi mbele yetu sote. "Nilizeeka nikiangalia magari."